Kitaluni Saiq, Mwezi wa Tatu

Machi tano. Nyuzi sita alfajiri,
vidole havitaki kushika penseli.
Miche themanini ya mreteni
(wenyeji wa jabali huuita alaalani)
safu mbili, udongo uleule, ndoo ileile,
mkono uleule unaomwagilia: wangu.
Arobaini mbegu zake ziliokotwa huku huku juu,
arobaini zilitoka makorongoni
ambako jua huanza kazi mapema.
Kila asubuhi nauliza jambo moja:
nani kaamka?

Wa bondeni waliamka Januari.
Joto la siku nne liliwahadaa,
wakatoa ncha laini kama ulimi wa mwanambuzi,
usiku wa tano ikashuka sakitu.
Kulipokucha ncha zote kahawia.
Hawakuwa wajinga. Walitii amri
iliyoandikwa mahali pengine
kwa baridi nyingine.

Wa juu walinyamaza, kama mtu
aliyekopesha akadhulumiwa,
sasa hafungulii kila apigaye hodi.
Joto wanalitaka, lakini siku juu ya siku,
senti juu ya senti, mpaka hesabu itimie
ndani ya kibubu nisichoweza kukivunja nikaona.

Waswahili tuna methali mbili zinazogombana:
mwana wa nyoka ni nyoka,
na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Hapa zimepandwa safu moja
na hakuna iliyokubali kufa.

Zahran, afungaye tepe za chuma mashinani,
mwaka juzi alikata vipandikizi sita
kutoka mti mmoja mkongwe nyuma ya msikiti.
Mama mmoja, herufi kwa herufi.
Vitatu akavipanda hapa.
Vitatu akavishusha kwa pikapu mpaka Birkat al-Mauz,
kwenye mitende na feni.
Kimoja cha chini kimekufa. Jana alikikata,
akanisogezea lenzi:
mwaka mmoja, pete mbili.
Kilikua Februari, kikalala kiangazi chote,
mvua ya Oktoba ikakigutusha tena.
Ndugu zake wa juu, mwaka huohuo, pete moja,
nyembamba kama uzi wa kofia.
"Haya," akasema, "huyu ana umri gani?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Mama yangu, Bi Shinuna,
yuko Ruwi mwaka wa hamsini na tatu.
Kila Machi hutoka rosheni, ghorofa ya tatu,
akatazama juu ya viyoyozi vya jirani:
"Masika hayo."
Mbingu ya Ruwi nyeupe kama sahani.
Nguo anaziingiza ndani hata hivyo.
Na mimi, niliyezaliwa Maskati,
nisiyepata kulowa masika hata siku moja,
Machi hujikuta naanua nguo.

Nilimsimulia Zahran. Akatikisa kichwa:
"Usinichanganyie. Hiyo si mbegu, ni malezi."
Kweli. Lakini nani alinifunza,
na hakuna aliyetamka neno?

Ijumaa nikampandisha mama, sweta mbili na mtandio.
Alipita safu kwa safu, akifikicha majani, akinusa.
Akasimama kwa namba ishirini na saba,
wa bondeni, aliyeungua Januari.
Chini ya ncha iliyokufa, ubavuni,
kichipukizi kipya, kifupi, chenye hadhari.
"Huyu kajifunza," akasema.

Nikaanza kumsahihisha.
Mama, mti haufuti ulichoandikiwa
kwa sababu ya usiku mmoja wa baridi.
Maandishi ni yaleyale, unachobadili
ni ukurasa upi usomwe na upi ufungwe...

"Na kusoma," akauliza, "si ndiko kujifunza?"

Nikaandika: Na. 27. Chipukizi la pili. Machi nane.
Sehemu ya maelezo nikaiacha tupu.

Tukiteremka, kwenye kona ya tatu,
akaniambia nipandishe kioo, mvua itaingia.
Hapakuwa na wingu kutoka jabali mpaka Nizwa.
Nikapandisha.